Pakiti ya chumvi na sukari imetoka kambini

Zamu yangu ya kuandika historia imefika na najua wengi mnangoja vita. Leo vita ipo lakini iko pembeni. Naandika juu ya tumbo la mtoto, kuhara na kutapika. Tutaanza hapa Gatsata, tutaenda mbali kidogo, halafu tutarudi.

Mnaoijua Gatsata mnajua ilivyo. Chini kuna barabara ya kwenda Gatuna, magaraji, vyuma, mafuta meusi kwenye matope, watu wanagonga bodi za magari toka asubuhi. Juu, nyumba zimeshikana kwenye mlima. Mvua ikinyesha, kila kitu cha juu kinashuka: maji, udongo, takataka, na yale ya vyoo vilivyojaa. Vinapita milangoni kwetu kabla ya kufika bonde la Nyabugogo. Watoto wanacheza humo humo. Utawazuia mpaka lini?

Mwezi wa nne nilikuwa nyumbani kwa mama, nimetoka kambini ambako najitolea upande wa usafi na maji. Mvua ilikuwa imepiga siku kadhaa. Mpangaji mwenzetu wa mlango wa pili, binti wa miaka kama ishirini na mbili, akaja amembeba mtoto wake wa miezi kumi. Mtoto alikuwa anahara toka jana yake. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia lakini machozi hayatoki. Nikamuuliza kama anampa maji.

Akasema: "Kaka, nikimpa maji anatoa maji. Nimeacha ili tumbo lipumzike."

Kabla sijajibu, mama yangu akaongea kutoka jikoni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Binti yangu, mpe. Mpe sasa hivi."

Nilikuwa na pakiti za SRO kwenye mfuko wangu wa kazi, zile ambazo wengine wanaziita ORS. Tukachemsha maji. Yakiwa yanapoa, nikawa naangalia ile pakiti mkononi. Nimezigawa nyingi tu, lakini sikuwahi kujiuliza nani alikuwa wa kwanza kufanya hivi. Nikadhani ni maprofesa wa Ulaya. Baadaye nikasoma, na ndiyo maana naandika.

Kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji kulifanyiwa majaribio na wataalamu hospitalini, hilo sikatai. Lakini mahali ambapo dunia ilipata ushahidi kwamba inaweza kuokoa watu kwa maelfu, bila kitanda na bila sindano, ni kwa wakimbizi kama sisi. Mahali penyewe panaitwa Bangaon, India, karibu na mpaka wa nchi ambayo leo ni Bangladesh.

Mwaka 1971 Bangladesh ilikuwa bado inaitwa Pakistani ya Mashariki. Vita ikalipuka, na watu karibu milioni 10 wakakimbilia India. Milioni 10! Jaribuni kufikiria kambi zote mnazozijua, ziwekeni pamoja, bado hamjafika. Mvua ya masika ya kule ikawakuta kwenye mahema, kwenye mabomba makubwa ya saruji, chini ya miti. Kipindupindu kikaingia.

Ule wakati, matibabu yaliyoaminiwa yalikuwa dripu, ambayo kwetu Kongo tunaita seromu. Maji yanaingizwa kwenye mshipa. Ni dawa nzuri na mpaka leo mtu aliyekauka kabisa lazima apate. Lakini inataka chupa, sindano, kitanda, na mtu anayejua kutafuta mshipa wa mtoto ambaye mishipa yake imejificha. Hospitali ya Bangaon ilikuwa na vyumba viwili na vitanda 16 kwa ajili ya kipindupindu. Wagonjwa walilala sakafuni, na daktari ilibidi apige magoti ndani ya matapishi na mavi ili kumfikia mgonjwa.

Daktari huyo aliitwa Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto kutoka Kolkata. Baada ya muda mfupi akaona dripu zinakwisha. Alijua kwamba mwaka 1968 madaktari wawili, David Nalin na Richard Cash, walishaonyesha kule Dhaka kwamba mgonjwa wa kipindupindu akinywa maji yenye chumvi na sukari, mahitaji yake ya dripu yanapungua sana. Lakini ile ilikuwa hospitalini, na wataalamu wanapima kila kikombe kinachoingia na kila kinachotoka. Wakubwa wengi waliamini kwamba kumpa mtu wa kawaida kazi hiyo ni hatari.

Mahalanabis hakuwa na njia nyingine. Watu wake walikaa Kolkata wakipima kwa kila lita moja: gramu 22 za sukari ya glukosi, gramu 3.5 za chumvi, gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Walitia kwenye mifuko ya nailoni na kuifunga kwa pasi ya moto, ile ya kunyooshea nguo. Mifuko ikapelekwa mpakani. Kule wakayeyusha kwenye madramu yenye bomba, na wenye kubeba vikombe walikuwa ndugu wa mgonjwa: mama, kaka, shangazi. Waliambiwa tu, mpe anywe, aendelee kunywa. Kwa kuwa watu walikuwa wanaamini seromu, yeye akaiita seromu ya kunywa. Mjanja yule mzee.

Kabla ya hapo, wagonjwa hadi 30 kwa kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa wale waliopata maji ya madramu, vifo vilishuka mpaka 3.6 kwa kila 100. Mnaona? Mkimbizi alimnywesha mkimbizi mwenzake, na dawa ikafanya kazi. Hata hivyo, matokeo yake yalichapishwa mwaka 1973 tu, na wengine waliendelea kuyatilia shaka. Mwaka 1978 ndipo gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, likaandika kwamba huenda huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Mzee mwenyewe alifariki mwezi wa kumi 2022, na nina hakika wengi wetu hatukusikia hata redioni.

Sasa kwa nini chumvi na sukari, siyo maji peke yake? Nieleze haraka, juu kuna wanaofikiri sukari ni ya kumfurahisha mtoto tu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kama milango midogo. Mlango mmoja haufunguki kwa chumvi peke yake, wala kwa sukari peke yake, vinaingia pamoja kama watu wawili wenye tiketi moja. Vikishaingia, maji yanavifuata. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1960. Na ajabu yake ni hii: kipindupindu kinavuruga mambo mengi tumboni, lakini mlango huu kinauacha mzima. Kwa hiyo hata mtoto akiendelea kuhara, maji mengine yanabaki. Anayemnyima maji ili kuhara kuishe anamkausha, juu kuhara hakungoji ruhusa ya mtu anywe kwanza.

Bangladesh ilipopata uhuru wake haikusahau. Shirika la BRAC, lililoanzia kwenye kusaidia wakimbizi waliorudi kwao baada ya vita ile, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba toka 1980 hadi 1990. Walifika zaidi ya nyumba milioni 12. Hawakubeba hata pakiti. Walifundisha chumvi ya kubana na vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na kipimo cha maji. Hapa nawaomba ninyi wafanyakazi wa mashirika, wenye kitambulisho shingoni, msome vizuri: wale walimu walilipwa kufuatana na kile ambacho mama alikumbuka. Mtu mwingine alirudi baadaye, akachagua nyumba kadhaa, akamwambia mama atengeneze. Mama akikosea, mwalimu anapata kidogo. Sisi huku tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapiga picha, tunagawa soda, tunaondoka. Sisemi shirika gani, juu hata mimi nimebeba hiyo karatasi.

Haya, tuje kwetu. Kama dawa ilijulikana toka 1971, nini kilitokea Goma 1994?

Naandika nikiwa Kigali na ninajua uzito wa mwaka huo. Mwezi wa saba, mwisho wa jenosaidi dhidi ya Watutsi, serikali iliyoshindwa na jeshi lake walikimbilia Zaire wakisukuma umati mkubwa mbele yao. Ndani ya siku chache, kati ya tarehe 14 na 18, watu kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini. Wauaji walikuwemo ndani yao, tena wengi, na waliendelea kushika amri ndani ya kambi. Walikuwemo pia watoto ambao walikuwa hawajajifunza kusema.

Wanaoijua Goma mnajua ardhi yake. Ni mawe ya Nyiragongo. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Kambi ya Kibumba haikuwa na maji kabisa, yalikuja kwa malori. Waliobaki karibu na mji walichota ziwani, na ziwani ndiko kila kitu kilikuwa kinaingia. Wiki ile ya kwanza, maji yaliyosafishwa yaligawanyika wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni chini ya kikombe, na ndani yake upikie, unywe, unawishe mtoto. Kipindupindu kikathibitishwa tarehe 20. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, na wengi sana kati yao ni kwa kuhara. Malori yalipita yakiokota maiti zilizofungwa kwenye mikeka kando ya barabara.

Baada ya kipindupindu kikaja kuhara damu, ugonjwa wa bakteria inayoitwa Shigela, na dawa za kawaida hazikuiweza. Niseme hapa hapa: pakiti inarudisha maji mwilini, haiui vijidudu. Mkiona damu kwenye choo cha mtoto, mnywesheni mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, msikae nyumbani.

Na sasa kile kilichoniuma zaidi nilipokisoma. Mashirika yalijaa Goma, dunia nzima ilikuwa inatazama. Lakini katika kituo kimoja cha muda, siku moja, walikufa wagonjwa 48 kwa kila 100. Hiyo ni mbaya kuliko Bangaon kabla ya madramu! Ikaja timu ya madaktari kutoka Bangladesh, kutoka kituo kile kile cha Dhaka ambacho Nalin na Cash walifanyia utafiti wao. Mkubwa wao aliitwa Siddique. Walichokiona wakakiandika mwaka 1995: wagonjwa walikuwa wanarudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa hayakutumika vya kutosha, dripu zilizowekwa hazikuwa za aina inayofaa, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali. Fikirini. Watu ambao nchi yao ilikuwa kambi miaka 23 kabla ndio walikuja kutuonyesha namna ya kunywesha.

Sisemi waliokuja kusaidia Goma walikuwa wabaya. Walichoka, na wengine walilia. Lakini mtu anaweza kufika na ndege iliyojaa, akakosa kumpa ndugu wa mgonjwa kikombe na kumwambia, wewe ndiye daktari wa usiku huu.

Mama yangu alikuwa Goma wakati huo, mtaa wa Birere, karibu na mpaka. Hakuwa mkimbizi bado, alikuwa mwenyeji, na ugonjwa haukubaki kwa wageni. Nilijua tangu zamani kwamba kabla yetu alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana, aliyekufa mdogo. Hakuna aliyeniambia alikufaje. Ile siku ya mwezi wa nne, maji yakiwa yanapoa kwenye sufuria, akaniambia. Bomba la mtaani lilikuwa limekauka, wakachota ziwani. Mtoto alikuwa na miezi minane. Alianza usiku. Bibi mmoja wa nyumba ile akasema asipewe maji, maji yanalisha kuhara, na mama alikuwa na miaka 20, angebishana na bibi kwa elimu gani? Mtoto alikuwa anaangalia kikombe. Mama alisema hivyo mara mbili, kwamba alikuwa anaangalia kikombe. Kesho yake mchana akaisha.

Sikuwa na la kumjibu. Nikakoroga pakiti.

Naomba tusiwacheke wale mabibi. Hata hospitali za wazungu, zamani, zilikuwa zinamlaza mtoto anayehara na njaa ili tumbo lipumzike. Na kuna imani mbaya zaidi zinazozunguka ukanda wetu mpaka leo. Uganda wanaita ebino, Tanzania wanaita meno ya plastiki: mtoto mchanga akihara na kupata homa, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema hilo ndilo linamuua, analing'oa kwa msumari au spoku ya baiskeli. Ile ni mbegu ya jino lake la kweli. Mtoto aliyekuwa anahitaji maji tu anapata kidonda na damu juu yake. Mkisikia mtu anataja habari hiyo kambini, msinyamaze kwa heshima. Kaeni naye, ongeeni naye taratibu.

Kwa upande wa Rwanda kuna mambo yamebadilika ambayo mama hakuyapata. Kirusi kinachoitwa rota, ambacho Ruth Bishop na wenzake walikitambua Melbourne mwaka 1973, ndicho kilikuwa kinaleta kuhara kukali kwa watoto wadogo kuliko vijidudu vingi, hata kwenye nyumba safi. Mwaka 2012 Rwanda ikaanza kutoa chanjo yake, matone ya mdomoni, na watoto wanaolazwa kwa ajili ya rota wakapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache iliyofuata. Na katika kila mudugudu kuna wajumbe wa afya, tunaowaita abajyanama, wanaoruhusiwa kumpa mtoto anayehara SRO na vidonge vya zinki. Zinki ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2004, mtoto anakunywa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Wazazi wengi wanaacha siku ya tatu. Vidonge vinabaki kwenye dirisha, nimeviona.

Lakini ng'ambo ya mpaka, kwenye mahema ya waliohamishwa kuzunguka Goma, Bulengo na Kanyaruchinya, kipindupindu kilirudi mwaka 2023. Mawe yale yale, ziwa lile lile. Wengine wenu mna ndugu waliokuwa kule. Kwa hiyo msione hii ni habari ya wazee.

Anayekosa pakiti usiku: maji safi lita moja, yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, siyo vya mlima. Chumvi ikizidi inamdhuru, kwa hiyo onja kwanza, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akishindwa kunywa, akilegea, au ukiona damu, ni kituo cha afya, hata kama ni saa nane za usiku.

Ile jioni tulianza saa kumi na mbili. Kijiko kimoja, tunangoja, kijiko kingine. Alitapika mara mbili, yule binti akataka kuacha, mama akamshika mkono. Tulikubaliana kwamba akizidi kulegea tunatafuta moto na kumpeleka. Moto kwa wasioishi Kigali ni pikipiki ya abiria. Saa nne mtoto akaanza kukivuta kijiko kwa midomo yake mwenyewe. Nikalala kwenye kiti.

Karibu saa kumi alfajiri mlango uligongwa. Nikaruka, nikadhani ni mabaya. Binti alikuwa amesimama na kitambaa kilicholowa mkononi, ananionyesha kama mtu anayeonyesha cheti.

"Amekojoa," akasema.

Mama alikuwa ameshaamka. Alikigusa kile kitambaa, akakinusa, akasema ndiyo, ni mkojo. Kisha akainua sufuria, akaongeza maji, akawasha mkaa ili tuandae lita nyingine ya kubeba asubuhi tukienda kituo cha afya.